Jinsi kompyuta inavyopanga leseni na risiti yako kwenye karatasi, na jinsi ya kutambua iliyo halali

Katika maduka mengi ya Wote, Emali, Mwingi na mji wa Kitui, leseni ya biashara hutundikwa ukutani mahali ambapo afisa wa ukaguzi ataiona mara tu anapoingia. Ina nembo, jina la biashara, aina ya kazi, kiasi kilicholipwa na nambari ya leseni. Hati nyingi za siku hizi pia huwa na mraba mdogo wa madoa meusi unaoitwa msimbo wa QR. Sokoni nako, muuzaji wa maembe au ndengu hupewa kijikaratasi kinachotoka kwenye mashine ya mkononi ya mkusanyaji ushuru.

Hati hizi mbili hazifanani kwa sura, lakini hutengenezwa kwa njia moja. Hakuna karani anayekaa akizipiga chapa moja baada ya nyingine. Programu ya kompyuta huchukua maelezo kutoka kwenye rejista na kuamua kila neno, kila mstari na kila picha vikae wapi kwenye karatasi.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, masoko na utoaji wa leseni za biashara ni kazi ya serikali za kaunti. Kwa hivyo karatasi hizi huwagusa wakaazi wa Makueni na jirani zao wa Kitui karibu kila siku. Mkaazi anayeelewa jinsi zinavyotengenezwa hupata faida tatu. Atajua kwa nini hati inaweza kutoka na kasoro na jinsi ya kuirekebisha. Ataweza kuichapisha vizuri katika saiba. Zaidi ya yote, hataibiwa pesa zake na mtu mwenye karatasi bandia iliyopendeza macho.

Ukurasa hupimwa kama shamba

Karatasi ya kawaida afisini ni ya ukubwa wa A4, yaani upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Binadamu akiiangalia huona nafasi nyeupe. Kompyuta huiona kama shamba lililopimwa, ambapo kila mahali pana vipimo viwili: umbali kutoka ukingo wa kushoto na umbali kutoka ukingo wa chini.

Kipimo kinachotumika sana katika kazi hii ni pointi. Inchi moja ina pointi 72, kwa hivyo pointi moja ni kama theluthi moja ya milimita. Kwa kipimo hicho, karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842 hivi.

Hati nyingi za serikali zinazotolewa kwa kompyuta huwa faili za PDF. Kampuni ya Adobe ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, ilitoa aina hii ya faili mwaka 1993. Tangu mwaka 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa. Ndani ya faili hiyo mna maagizo mafupi. Agizo la kuandika kichwa cha leseni linaweza kuwa hivi:

BT /F1 14 Tf 72 742 Td (LESENI YA BIASHARA) Tj ET

Maana yake ni rahisi. BT na ET ni mwanzo na mwisho wa maandishi. F1 ni jina la fonti, yaani umbo la herufi, na 14 ni ukubwa wake. Nambari 72 na 742 zinaeleza mahali: songa pointi 72 kutoka kushoto, kisha panda pointi 742 kutoka chini. Hapo ndipo maneno yaliyo kwenye mabano yataandikwa, inchi moja kutoka ukingo wa kushoto na milimita 35 hivi kutoka juu. Mistari, visanduku na nembo navyo huwekwa kwa maagizo ya namna hiyo.

Kwa sababu mahali pameandikwa kwa nambari, faili ile ile ikifunguliwa Kibwezi, Mutomo au Nairobi, maneno yatakaa pale pale. Ndiyo sababu afisi hupendelea PDF kuliko faili ambayo mistari yake huhama kila inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Kiolezo kimoja, leseni maelfu

Mwandishi wa programu haandiki maagizo upya kwa kila mfanyabiashara. Hutengeneza kiolezo kimoja chenye mambo yasiyobadilika, kama nembo, kichwa, mistari na masharti, kisha huacha nafasi za mambo yanayobadilika. Programu husoma rejista, safu moja baada ya nyingine. Kwa kila safu hujaza jina, mahali, kiasi na tarehe, hutoa ukurasa mmoja, kisha huendelea na safu inayofuata.

Faida yake ni kasi na usawa. Hasara yake ni kwamba kosa lililo kwenye rejista litachapishwa kila mara jinsi lilivyo. Jina likiandikwa vibaya siku ya usajili, leseni itatoka na kosa hilo hata ikichapishwa mara kumi.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengine hukosea bila kujua. Wakiona kosa dogo kwenye leseni, hulifuta na kuandika juu yake kwa kalamu, au humwomba karani aandike. Kufanya hivyo huifanya karatasi itofautiane na rejista, na siku ya ukaguzi itaonekana kama hati iliyochezewa. Njia sahihi ni kwenda afisi ya mapato na kitambulisho na uthibitisho wa malipo, maelezo yarekebishwe kwenye rejista, kisha leseni ichapishwe upya.

Jina refu na safu za pesa

Ukiandika kwenye simu, maneno yakifika ukingoni hushuka mstari wa pili yenyewe. Agizo la PDF halifanyi hivyo. Likiambiwa liandike jina refu, litaliandika mpaka lipite ukingo wa karatasi, na sehemu iliyopita haitaonekana. Ni lazima programu ipime jina kwanza.

Kupima si kuhesabu herufi tu, kwa sababu kila herufi ina upana wake. Katika fonti inayoitwa Helvetica, herufi m huchukua nafasi karibu mara nne ya herufi i. Programu nzuri hujumlisha upana wa herufi zote na kuulinganisha na nafasi iliyopo. Jina lisipotosha, hulikata kwenye nafasi kati ya maneno na kulipeleka mstari wa pili, au hupunguza ukubwa wa herufi kidogo. Kikundi cha akina mama chenye jina la maneno saba kikipata leseni yenye maneno matano, tatizo huenda liko kwenye kiolezo, wala si kwenye usajili wao. Ni haki yao kudai irekebishwe, kwa kuwa benki inaweza kukataa hati ambayo jina lake halilingani na la cheti cha kikundi.

Hesabu hiyo hiyo hutumika kwenye majedwali ya pesa. Ili mamoja yakae chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, programu hupima upana wa kila kiasi na kuanza kukiandika nyuma kidogo, ili vyote viishie kwenye mstari mmoja wa kulia. Makueni ina wadi 30 na Kitui ina wadi 40. Jedwali la bajeti linalotaja wadi zote huweza kuvuka kurasa kadhaa, na programu isiporudia vichwa vya safu kwenye kila ukurasa, msomaji wa ukurasa wa tatu hatajua kama anaangalia pesa zilizotengwa au zilizotumika. Mkaazi anayepewa jedwali kama hilo katika kikao cha ushirikishwaji wa umma ana kila sababu ya kuuliza: safu hii ni ya nini, na jumla yake iko wapi?

Herufi za Kikamba

Kikamba kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u na ũ. Mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama juu, na zimesumbua kompyuta kwa miaka mingi. Orodha ya herufi iliyotumika sana zamani ilitengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Ilikuwa na ñ ya Kihispania na ã ya Kireno, lakini ĩ na ũ hazikuwemo. Programu inayotegemea orodha hiyo ikikutana na neno kama Kĩtui, huchapisha alama ya kuuliza, kisanduku kitupu au nafasi wazi.

Suluhisho lipo. Mfumo wa Unicode, uliotolewa kwanza mwaka 1991, una nambari ya kila herufi ya Kikamba. Yanabaki mambo mawili kwa mwandishi wa programu: achague fonti yenye maumbo ya herufi hizo, na aiweke fonti hiyo ndani ya faili yenyewe. Asipofanya hivyo, kompyuta ya saiba isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine badala yake, na maneno yataharibika.

Jambo hili si dogo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Tangazo la chanjo au la ugavi wa maji linaloandikwa kwa Kikamba halitamfaa mama mzee wa Zombe au Kathonzweni likimfikia likiwa na visanduku mahali pa irabu.

Wakaazi wasioona nao huguswa na jinsi ukurasa unavyopangwa. Wengi hutumia programu ya simu au kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo haioni ukurasa, hufuata mpangilio ulio ndani ya faili. Jedwali likiwa limeandikwa ovyo ndani, litasomwa ovyo hata kama kwa macho limenyooka. Na karatasi iliyopigwa picha na kutumwa kama PDF haina maandishi ndani yake, ila picha tu, hivyo huenda msikilizaji asisikie lolote.

Kijikaratasi cha mashine ya mkononi

Risiti ya sokoni ina vipimo vyake. Mashine nyingi za mkononi hutumia karatasi yenye upana wa milimita 58, ambapo milimita 48 tu ndizo huchapishwa. Mashine hizo hupanga nukta 8 katika kila milimita, kwa hivyo mstari mmoja una nukta 384. Herufi ya kawaida huchukua nukta 12, na hiyo ndiyo sababu mstari wa risiti huwa na herufi 32 pekee na maneno mengi hufupishwa.

Mashine hiyo haitumii wino. Kichwa chake hupata joto, na karatasi yenye dawa maalumu hugeuka nyeusi pale ilipopashwa. Joto hilo hilo ndilo adui wa risiti baadaye. Ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari au kwenye meza ya soko la Makindu, ikipakwa mafuta au ikikaa muda mrefu ndani ya mfuko wa plastiki, maandishi huweza kufifia hadi yasisomeke. Mfanyabiashara mwenye busara huipiga picha au hutoa nakala yake siku hiyo hiyo, na kuhakikisha nambari ya risiti inaonekana. Nambari hiyo ndiyo itakayosaidia kutafuta malipo yake kwenye rejista.

Msimbo wa QR

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Leo uko kwenye risiti za kodi za eTIMS na vyeti vingi vya serikali ya kitaifa. Programu huuchora kama inavyochora kitu kingine chochote: hugeuza maandishi kuwa vimraba vyeusi na vyeupe na kuvipanga kwenye safu. Miraba mikubwa mitatu ya pembeni huiwezesha simu kujua msimbo umeelekea wapi.

Msimbo huu huvumilia uharibifu kiasi. Kutegemea ulivyotengenezwa, unaweza kusomeka hata asilimia 7 hadi 30 ya data yake ikiharibika. Lakini una sharti moja, nalo ni nafasi nyeupe ya upana wa vimraba vinne kuuzunguka pande zote. Muhuri ukigongwa juu yake, pini ya stepla ikipita katikati au karatasi ikikunjwa hapo, simu inaweza kushindwa kuusoma. Leseni ikunjwe mahali pengine, na muhuri ugongwe kwenye nafasi yake.

Sura nzuri si uthibitisho

Watu wengi huamini hati kwa sababu ina nembo kali, rangi na msimbo wa QR. Lakini ikiwa ukurasa ni maagizo yaliyoandikwa kwenye faili, mtu mwingine mwenye kompyuta anaweza kuandika maagizo kama hayo. Nembo inaweza kunakiliwa na jina kubadilishwa. Hata msimbo wa QR unaweza kutengenezwa na mtu yeyote, na ukampeleka msomaji kwenye tovuti aliyoitengeneza tapeli mwenyewe.

Ipo kinga inayoitwa sahihi ya kidijitali. Faili iliyotiwa sahihi hiyo ikibadilishwa hata herufi moja, kompyuta hutambua. Hata hivyo, kinga hiyo hulinda faili, hailindi karatasi. Faili ikishachapishwa, wino hauna njia ya kuonyesha kwamba haikuguswa.

Kwa hivyo uthibitisho wa leseni hauko kwenye karatasi. Uko kwenye rejista ya kaunti, na karatasi ni njia tu ya kuifikia rejista hiyo kupitia nambari yake. Leseni yenye nembo iliyofifia lakini nambari iliyomo kwenye rejista ni halali. Leseni inayong'aa ambayo nambari yake haimo, au imesajiliwa kwa jina la biashara nyingine, haifai kitu. Aliyeilipia amepoteza pesa zake na bado anadaiwa, na kaunti imekosa pesa ambazo zingetengeneza choo cha soko au kununua dawa za zahanati. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kutumia hati ya kughushi huku ukijua pia ni kosa.

Unapochapisha katika saiba

Kasoro nyingi za hati hutokea dakika ya mwisho, kwenye printa. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekewa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18 hivi. Hati ya A4 ikichapishwa kwa mpangilio huo, sehemu ya chini inaweza kukatika, na hapo ndipo mara nyingi huwa na nambari na msimbo wa QR. Mwambie mhudumu achague A4 na ukubwa wa asilimia 100. Nembo ikitoka na ukungu huku maandishi yakiwa makali, tatizo ni picha iliyowekwa kwenye kiolezo, wala si printa. Ili picha ya upana wa milimita 25 ichapishwe vizuri, inahitaji kuwa na nukta 300 hivi kwa upana.

Mambo ya kukagua kabla ya kuondoka dirishani

1. Jina la biashara limeandikwa lote, na linalingana na cheti cha usajili.

2. Kiasi kilichochapishwa ni sawa na ulicholipa, na kinalingana na ujumbe wa malipo kwenye simu yako.

3. Tarehe ya mwanzo na ya mwisho zinasomeka.

4. Nambari ya leseni au risiti imeonekana yote, haikukatwa na ukingo.

5. Kama kuna msimbo wa QR, usome kwa simu ukiwa hapo hapo. Angalia anwani inayofunguka: tovuti ya Makueni ni makueni.go.ke na ya Kitui ni kitui.go.ke. Anwani za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Anwani ikiwa tofauti, uliza kabla ya kuiamini.

6. Maelezo yanayofunguka yanafanana na yaliyo kwenye karatasi. Yakitofautiana, rejista ndiyo ifuatwe, na karatasi irudishwe.

Mtu akikuletea leseni dukani na kudai pesa mkononi, usilipe kwa sababu karatasi yake inapendeza. Chukua nambari yake na uipeleke afisi ya mapato iliyo karibu nawe, au kwa msimamizi wa wadi, itafutwe kwenye rejista. Ikiwa haimo, karatasi hiyo haikutolewa na kaunti.